Chupa Isiyokauka

Kitu cha kwanza nilichofundishwa maabara ni kunusa, na cha pili, miaka mingi baadaye, ni kutonusa. Nilipoanza kazi Kilwa Masoko, fundi aliyeijua kazi yake alifunua sahani aliyooteshea vijidudu, akaisogeza puani, akakutajia kilichoota kabla hujaigusa hadubini. Kisha wakaja watu wa usalama na mabango yao, wakatukataza, na haki ilikuwa yao, maana ukinusa kijidudu umekivuta. Basi pua yangu ilistaafu mapema. Sehemu zangu nyingine zimeifuata mwaka huu.

Siku mliyoniaga, vijana wa maabara, mlinitandikia vitenge, mkanilisha pilau, halafu mkaniomba niwaandikie mambo ya kazini. Vyeo nitaviruka, vilikuja vyenyewe vilipotaka. Nitawaandikia habari za mwalimu wangu, na za chupa moja ya plastiki ambayo hadi leo nikisikia mfano wake ukibubujika wodini, moyo unanipaa.

Mwalimu wangu aliitwa Mzee Chilumba, Mmakonde wa Newala, mfupi, mkali, mvuta ugoro. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha kijidudu hata kimoja. Alinipa karai la chupa za kioo nizioshe. Nikaziosha, nikazipanga juani, zinameta. Akaja, akaokota moja, akatia kidole ndani na kukizungusha.

"Bado," akasema.

"Mzee, mbona zinang'aa?"

"Kung'aa ni shauri lako na macho yako. Tia kidole."

Nikatia. Kweli, pembeni kule chini palikuwa na utelezi, kama ule wa mtungi uliokaa sana na maji.

"Hapo vijidudu wapo kwao," akasema. "Wakielea majini ni wapita njia. Wakishika ukuta wameshajenga. Sasa wewe Somoe, mwanangu, usikimbilie kuuliza kimeota nini. Uliza kwanza kilikuwa kinakaa wapi."

Nikaziosha upya, huku nikimteta moyoni. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, na hapa nimefanywa muosha vyombo. Mzee hakujali. Alikuwa na lupu, ule waya wenye kitanzi tunaochotea vijidudu, aliyoitengeneza mwenyewe kwa waya wa jiko la umeme lililoungua. Ilipinda kidogo upande wa kulia. Alipostaafu alinipa hiyo, akasema zile za kununua ni laini kama mkono wa karani. Nilihamia Lindi nayo, na imo katika habari hii.

Hapo Lindi ndipo nilipokutana na Sista Zuhura, msimamizi wa wodi ya watoto wachanga. Alinizidi umri, namwamkia shikamoo mpaka leo. Sisi wote wawili ni watu wa Pande, huko Kilwa, na kama mtu hakukulia Pande enzi zetu, itabidi nimweleze kidogo, maana wengi wenu mmekulia kwenye bomba. Maji yalikuwa mbali. Mama zetu walitulea kwa sheria moja, kwamba mtungi hauachwi ukakauka. Ukipungua, unaongezea. Mgeni akikukuta na mtungi mkavu, habari zako zinafika msibani kabla yako. Na kumwaga maji yaliyobaki ili uanze upya ilikuwa israfu, jambo la kuombea toba.

Sista Zuhura aliingia wodini na malezi hayo. Mnazijua zile mashine za oksijeni za watoto njiti. Hewa inapita kwanza kwenye chupa ndogo ya maji, inabubujika, ndipo inakwenda puani ikiwa na unyevu. Maelekezo yanataka chupa imwagwe, ioshwe, ikauke, ndipo yatiwe maji mapya. Lakini bomba za hospitali zilikuwa na tabia zake, siku zinatoka, siku zinakohoa tu. Sista alichemsha maji yake mwenyewe, na kila asubuhi akapita kitanda kwa kitanda na birika akiongezea. Chupa zake hazikushuka chini ya mstari hata siku moja. Hakuna aliyemkemea. Tulimsifu, nami nikiwemo, na wakubwa waliokuja kukagua wakamsifu kwenye mikutano.

Kisha watoto wakaanza kuungua homa. Akaanza mmoja, njiti wa mama wa Mtanda, akafuata mwingine. Tukaotesha damu zao, dokta akabadilisha dawa, wengine wakapona na wengine hawakupona. Wodi ile ilikuwa na kelele ndogondogo za kupendeza, vilio vya watoto wadogo kama paka, na kina mama wakiitana. Ikapoa. Kina mama wakaanza kunong'ona, na nilipopita na kisanduku changu cha sampuli walinitazama kama mtu anayetembea na msiba mkononi.

Wakaja wataalamu kutoka nje ya mkoa kutafuta chanzo. Na sisi, kama ilivyo desturi yetu mgeni akija, tulifanya usafi kabla hawajafika. Sakafu ilipigwa dawa, meza zikasuguliwa, chupa zikaongezewa maji ya moto yaliyotoka kuchemka. Wataalamu wakachota maji ya bomba, wakachota maji ya chupa, wakafuta meza na viganja. Hakikuota kitu cha maana. Wakatuandikia kwamba wodi ni safi, wakaaga, na homa ikabaki palepale.

Ndipo akaletwa Mwanaidi. Alikuwa binti wa Kilwa Kisiwani, uzazi wake wa kwanza, uchungu ulimshika kabla ya wakati, akavushwa hadi Masoko na kukimbizwa Lindi. Akajifungua pacha wa kike, Kulwa na Doto, wadogo kiasi kwamba kofia za sufu za wodini ziliwafunika mpaka machoni. Wote wawili wakawekwa kwenye oksijeni, mashine mbili, vitanda vimekaribiana. Mwanaidi alikaa katikati yao, mkono mmoja huku na mmoja kule.

Kulwa alipandwa na homa, na kabla sahani yangu haijaota vizuri alikuwa amekwisha kufariki. Damu yake iliota klebsiela, yule mdudu anayeng'aa na kuvutika kama kamasi. Nikazunguka naye dawa zote tulizokuwa nazo. Mnajua kipimo chenyewe, unapanga vipande vya karatasi vyenye dawa juu ya sahani, na dawa inayofaa inaacha duara tupu kuizunguka. Kwenye sahani ile klebsiela alipanda mpaka kwenye ukingo wa karatasi karibu zote. Amikasini peke yake ndiyo iliyoacha duara.

Mtoto alizikwa Lindi. Mwanaidi hakwenda makaburini, alibaki na Doto. Na Doto naye akaanza kuungua.

Niliiotesha damu ya Doto siku hiyohiyo. Asubuhi iliyofuata nilifungua inkubeta, lile kabati la joto la sahani, nikitegemea kumkuta klebsiela yuleyule. Hakuwa yeye. Alikuwa ikolai, mdudu wa aina nyingine. Nikampeleka kwenye dawa, na majibu yalipotoka nikamwita Dokta Mbawala, daktari wa watoto, kijana mtaratibu ambaye kwa wiki nzima alikuwa halali nyumbani kwake.

"Dada Somoe, hii ni nafuu," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Mmoja klebsiela, mwingine ikolai. Wadudu mbalimbali, vyanzo mbalimbali. Huyu atakuwa amempata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa."

Ilikuwa hoja ya mtu mwenye akili. Ningeisema mimi mwenyewe kama sahani mbili zisingekuwa mezani bega kwa bega.

"Dokta, usitazame wadudu. Tazama dawa."

Akainama. Dawa zilizomshindwa mmoja ndizo zilizomshindwa mwingine. Iliyoacha duara huku ndiyo iliyoacha duara kule.

"Wamefundishana," akasema polepole.

"Wamepeana."

Hapa vijana niwape darasa fupi, maana najua mtihani huwa unaliuliza na kazini mnalisahau. Kijidudu kina urithi wake mkuu, kama sisi. Lakini vingine hubeba pembeni kipete kidogo cha vinasaba kinachoitwa plasmidi, na ndani ya kipete hicho ndimo mara nyingi unamokaa ujuzi wa kuzishinda dawa. Plasmidi za aina fulani zina maagizo mengine tena, ya kumwotesha mwenyeji wake vinywele virefu vyembamba. Vitabuni vinaitwa pili, na msiniulize vya kwanza ni vipi. Kwa unywele huo kijidudu humshika jirani, humvuta karibu, na kumpa nakala ya kipete. Jirani si lazima awe wa ukoo wake. Akishapata kipete naye anaota vinywele, anashika wengine. Sasa fikiria ukuta wenye unyevu uliojaa watu wa namna hiyo, kila mmoja ameshika ukuta kwa mkono huu na jirani kwa mkono ule. Wanajijengea utando wa ute, tabaka juu ya tabaka, na dawa ya kuulia wadudu ikipita inalowesha paa tu. Plasmidi inaleta vinywele, vinywele vinakaza utando, na kubanana ndani ya utando kunarahisisha plasmidi kupeanwa. Ni mzunguko, na kila zamu unawaacha wabaya kuliko jana.

"Hawa hawakukutana kwa mtoto," nilimwambia dokta. "Wamekaa nyumba moja siku nyingi, wamebanana. Ni mahali penye maji, pasipokauka."

"Maji yalipimwa."

"Yalipimwa maji. Ukuta haukupimwa."

Alinitazama, akasema hewa ya Doto ni ndogo, anaweza kuivuta bila chupa ya maji, kisha akatoka mbio kwenda kuandika amikasini. Mimi nikachukua chupa ya rangi ya zambarau, ile tunayowapaka vijidudu kabla ya kuwatazama, nikaelekea wodini.

Doto alikuwa kifuani kwa mama yake, mrija puani, chupa inabubujika pembeni. Sista Zuhura alikuwa anamalizia mzunguko wake na birika.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Umeleta majibu?"

"Nimekuja kuomba chupa. Hiyo ya Doto."

"Hiyo anapumulia mtoto."

"Dokta amesema kwa hewa ndogo kama hii anaweza kupumua bila maji. Anakuja, utamsikia mwenyewe."

Aliweka birika chini. "Mimi nipo wodi hii tangu paa linavuja. Hakuna kichanga aliyekaushwa pua mkononi mwangu. Mama huyu katoka kufiwa na mmoja, Somoe. Ukikosea je?"

"Nikikosea, tutamkausha pua kidogo. Nikiwa sijakosea na chupa ikabaki, kila pumzi anayoivuta..."

Sikumalizia, kwa sababu Mwanaidi alikuwa ameinua uso.

"Mnabishania nini juu ya mwanangu?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekwisha kulia. "Nambieni na mie. Mwenziwe keshakwenda, sina la kufichwa."

"Hatubishani, mama," alisema Sista. "Tunatafuta."

Akaichomoa chupa yeye mwenyewe, kwa mikono yake iliyozoea, akaunganisha mrija moja kwa moja na mashine. Kipimo cha oksijeni kilichofungwa mguuni mwa mtoto kikaanza kushuka. Mwanaidi hakuwa akikitazama kipimo, alikuwa akitutazama nyuso zetu. Namba zikashuka tena, zikasimama, zikakaa pale muda ulionitosha kuijutia kazi hii yote, kisha zikaanza kupanda taratibu mpaka zilipokuwa mwanzo. Dokta alipoingia alitukuta tumesimama kama nguzo, akamtazama mtoto, akasema hewa iachwe hivyohivyo.

Tukaenda chumba cha kuoshea vyombo, mimi na Sista. Nikamwaga maji ya chupa. Kwa macho ilikuwa safi, unasoma gazeti ng'ambo yake. Nikaisuuza, nikatia rangi, nikaizungusha, nikaimwaga, nikaisuuza tena na tena. Ikabaki zambarau. Ilikuwa zambarau kuanzia chini hadi pale maji yalipokuwa yakiishia, na kwenye mstari huohuo, ambao Sista hakuuacha ukauke hata siku moja, palikuwa na pete nene iliyoiva.

"Plastiki inashika rangi," Sista akasema. "Hata mpya ingeshika."

"Huenda. Unayo mpya?"

Alikuwa nayo moja kabatini, imo kwenye mfuko wake, aliyoitunza kwa siku ya shida. Ndivyo tulivyo, kizuri tunakiweka. Aliitoa, nikaitia rangi ileile, nikaisuuza. Ikatoka nyeupe kama ilivyoingia.

Sista akavua glavu ya mkono wa kulia. Nilitaka kumzuia, halafu nikamwacha. Akatia kidole kwenye chupa ya zamani, akakizungusha ukutani taratibu, kama vile Mzee Chilumba alivyofanya mbele yangu nikiwa binti.

"Utelezi wa mtungi," alisema.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akakitazama kidole chake cha zambarau.

"Somoe, nimewaua?"

"Waliowaua ni hawa, Sista."

"Sikukuuliza hawa."

Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu. Ningeweza kumtajia bomba zisizotoka, maelekezo yaliyoletwa bila chupa za akiba, wakaguzi waliosifu, na sisi maabara tuliopita kando ya chupa hizo kila siku. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililojibu alichouliza. Kumpa mtu kama yule jibu la kumpoza kungekuwa ni kumtukana. Alisimama, akanawa, akaenda kuzichomoa chupa zote za wodi moja baada ya nyingine.

Niliikwangua pete ile kwa lupu ya Mzee. Kesho yake sahani ilikuwa na wote wawili, klebsiela na ikolai, wametoka ukuta mmoja, na usugu wao ni uleule. Nilikuwa na jibu langu na sikuwa na furaha yoyote, kwa sababu Doto bado alikuwa anaungua.

Siku zile sitazisahau. Amikasini inaingia, homa haisikii. Nilikuwa natoka maabara kwenda kuchungulia dirishani, narudi, natoka tena, mpaka mlinzi akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikamwambia ninaye. Mwanaidi hakuinuka pale. Sista naye hakuinuka, alihamisha kiti chake akakaa upande wa pili wa kitanda. Hatimaye asubuhi moja nilichungulia nikamwona Doto ananyweshwa maziwa kwa kijiko, anameza, anapanua mdomo kudai zaidi. Nililia pale dirishani mbele ya wapita njia. Damu niliyorudia kuiotesha haikuota kitu, na wodini hakuanguka mtoto mwingine kwa homa ile.

Sista alinikuta ofisini. "Nakwenda kumwambia," alisema.

"Ngoja dokta aseme yeye. Ana namna ya kulieleza."

"Kwa nini alisikie kwa mwingine?"

Nilimfuata, nikabaki mlangoni. Mwanaidi alikuwa kwenye mkeka, Doto amefungwa kifuani kwa khanga. Sista alikaa chini mbele yake, akamweleza yote bila kuzunguka. Alimweleza birika, na kuongezea, na kwamba wadudu walijenga mle ndani ya chupa kwa kuwa yeye hakuacha pakauke, na kwamba ile ya Kulwa ilikuwa vilevile. Hakusema hakujua. Hakuomba asamehewe. Alipomaliza alikaa tu, mikono juu ya mapaja.

Adhana ya alasiri ikaanza, ikaisha. Kisha Mwanaidi akafungua fundo la khanga, akamtoa mtoto taratibu, akamnyoosha mbele.

"Mshike, Sista," alisema. "Nikamwombee mwenziwe."

Sista Zuhura alimpokea Doto, na mikono iliyobeba vichanga maisha yake yote ikamshika kama ya mtu anayebeba kwa mara ya kwanza.

Doto sasa anasoma shule hukohuko Kisiwani, na mama yake akija Lindi humleta. Nanyi mnaobaki, mnayo maelekezo ukutani, sitayarudia. Ila mkiyasoma kumbukeni kwamba aliyekosea hapa hakuwa mvivu. Alikuwa hodari kuliko sisi wote, na alifanya vizuri sana kile alichofundishwa na mama yake.

Juma lililopita nilikwenda kumsalimia kwake Mtanda. Jua lilikuwa kali na koo limenikauka. Uani, juu ya kinu kilichovunjika, nilikuta mtungi wake umepinduliwa, mdomo chini, mkavu hadi unalia ukiugonga kwa kucha. Jirani alinong'ona kwamba Bi Zuhura uzee umemwingia, siku hizi mgeni anaweza kufika pale akakosa hata maji ya kunywa.

"Shikamoo, Sista. Naomba maji."

"Marahaba. Hakuna," alijibu bila haya yoyote, akakinga sufuria bombani, akawasha jiko na kuiteleka. "Kaa."

Nikakaa karibu na mtungi, nikangoja maji yachemke.